Njia za Mkato kwenye Skrini Nyeusi, na Nani Aliyefuta Ramani za Mabomba

KAMATI YA CHUMBA CHA KOMPYUTA, OFISI YA MAJI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA

Tarehe: Jumatano ya pili ya mwezi, saa 4:00 asubuhi (kiliitishwa saa 3:00)
Mahali: Chumba cha kompyuta, nyuma ya stoo ya mita

Waliohudhuria:
1. Mkuu wa mafundi – Mwenyekiti
2. Mchora ramani – Mjumbe (mdogo wa mke wa Mwenyekiti)
3. Fundi pampu – Mjumbe
4. Mtunza mafaili – Katibu

Asiyehudhuria: Msoma mita, kwa udhuru wa jino. Ni jino lile lile la kikao cha sita.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda ni mbili: njia za mkato za kuandika amri kwenye skrini nyeusi, na ramani za mabomba zilizofutwa Alhamisi iliyopita. Alipendekeza ya pili itangulie kwa kuwa "mkosaji anajulikana". Katibu, ambaye ndiye mkosaji anayejulikana, aliomba ajenda zifuatwe kama zilivyoandikwa. Wajumbe waliafiki.

KUMB. NA. 2/7: NJIA ZA MKATO
Mchora ramani alieleza kwamba anayeandika jina zima la folda anajitesa bure. Herufi tatu za mwanzo zinatosha, kisha kitufe cha Tab, na kompyuta inamalizia yenyewe. Kosa likiwa mwanzoni mwa mstari mrefu, vitufe vya Ctrl na A kwa pamoja humrudisha mtu mwanzo bila kufuta kitu. Ctrl na E humpeleka mwisho. Fundi pampu aliuliza kwa nini hakuambiwa haya miaka sita iliyopita.

Fundi pampu naye alichangia kwamba cd, amri ya kuhamia folda nyingine, ikifuatiwa na kistari humrudisha mtu kwenye folda aliyotoka. Aliigundua kwa bahati akikung'uta makombo kwenye kibodi. Katibu anakumbusha kwamba kula humu kulikatazwa, KUMB. NA. 5/3.

Mwenyekiti alipinga yote. Alisema mkato ni uvivu mtupu, kwamba yeye huandika kila amri herufi kwa herufi, na tangu aajiriwe hajagusa mshale wa juu unaorudisha amri zilizopita. Alitaka maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu. Yameingizwa.

KUMB. NA. 3/7: RAMANI ZILIZOFUTWA
Mwenyekiti alieleza kwamba folda ilikuwa na ramani za mabomba ya mtaa mzima wa chini, na sasa mafundi wanachimba kwa kubahatisha. Kwa kuwa Katibu ndiye aliyefunga chumba Alhamisi, alipendekeza anyang'anywe ufunguo na ukatibu, leo hii. Katibu alisema hakugusa folda hiyo. Miaka tisa ya kutunza ufunguo huo si mchezo.

Kabla ya kura, Mchora ramani aliomba aoneshe njia moja aliyoisahau. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwa jina la Mwenyekiti, skrini ikionekana ukutani. Alisema, "Shemeji, nipishe kidogo." Akabonyeza Ctrl na R, akaeleza kwamba hapo mtu huandika kipande cha amri ya zamani, nayo kompyuta huitafuta. Akaandika rm, amri ya kufuta. Ukutani ikatokea: rm -r *, yaani futa vyote vilivyomo humu.

Mwenyekiti alieleza kwamba hiyo ilikuwa ya Jumanne, siku mbili kabla ya ramani kufutwa, alipokuwa akisafisha folda ya takataka. Mchora ramani akaandika history, ikaja orodha nzima ya amri zilizopita, yenye tarehe. Jumanne ilikuwepo. Alhamisi nayo ilikuwepo, saa 11:10 jioni, mara tu baada ya kuingia folda ya ramani.

Fundi pampu aliuliza mtu anayeandika herufi kwa herufi anawezaje kuandika yote hayo kwa bahati mbaya.

Mwenyekiti alijibu, "Sikuandika mimi. Nilibonyeza mara tatu badala ya mbili, nikapiga Enter bila kuangalia."

"Ukabonyeza nini, shemeji?"

Mwenyekiti aliomba maji ya kunywa. Fundi pampu alisema njia ya mwongo ni fupi. Mwenyekiti alitaka kauli hiyo ifutwe. Katibu alimshauri asifute kitu kingine wiki hii.

Mchora ramani, aliyerudi kutoka likizo asubuhi hiyo, alieleza kwamba nakala ya ramani zote ipo kwenye flashi aliyomwachia dada yake aitunze. Hivyo ramani zimekuwa nyumbani kwa Mwenyekiti siku zote hizi, kwenye kabati la vyombo.

Iliamuliwa: Katibu abaki na ufunguo na ukatibu. Anayebonyeza mshale asome mstari kabla ya kupiga Enter. Mwenyekiti alete flashi kesho.

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba KUMB. NA. 3/7 iandikwe kwa mkato. Katibu alimsomea msimamo wake kuhusu mkato, KUMB. NA. 2/7. Ombi lilikosa wa kuliunga mkono.

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA KIKAO
Wajumbe walitawanyika saa 5:25 asubuhi, baada ya Katibu kusoma kumbukumbu hizi kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka.

Mwenyekiti: (amesaini kwa herufi mbili)

Katibu: (amesaini jina lake zima, la baba na la babu)