Daktari Aliyeniuliza Habari Zako

Mwanza, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kukusumbua na mvua za huko Kisarawe hazijaozesha mihogo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na leo nataka nikueleze uchovu wenyewe umetoka wapi. Ningekupigia, lakini simu yako unaifungulia spika na nyumba nzima inasikia. Ndiyo maana barua hii nimeiweka ndani ya furushi la dagaa. Mke wangu Zuhura atalipokea kwenye basi pale kituo cha Kwa Mathias, akuletee. Isome ukiwa peke yako.

Niliwaambia kwamba siku hizi siko mapokezi ya hoteli, nimehamishiwa nyuma kwa dobi kukunja mashuka. Sababu sikuwaambia. Vile vipele vya ndevu vinavyonitoka nikinyoa, kimoja chini ya taya kiliacha kovu, kovu likavimba likawa gumu kama kokwa. Meneja aliniita pembeni. "Shabani, wageni wanaiangalia shingo yako kabla hujawakaribisha." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

Kliniki ya kwanza niliichagua kwa macho. Jengo la vioo katikati ya jiji, ukutani picha za nyuso kabla na baada ya matibabu, dada mmoja ana koti jeupe na kucha ndefu. Hakuniuliza chochote. "Kaka, tunalikata leo leo. Halirudi hilo." Wakalikata. Halikuchukua muda, likarudi kubwa kuliko lilivyokuwa, linawasha, linachoma, siwezi kulalia upande ule. Nilipokwenda kulalamika aliniambia, "Hiyo ngozi yako tu, kaka," kisha akaanza kunieleza habari za dripu za kung'arisha uso. Niliondoka bila kuaga.

Neema, ninayefanya naye kazi kwa dobi, akanipeleka kwa mama mmoja anayesifiwa sana mtaani kwao. Yule mama akanitolea kopo halina hata karatasi ya maelezo.

"Ina nini hii?" nikauliza.

"Mchanganyiko."

"Wa nini na nini?"

"Baba, wewe unataka kupona au unataka kusoma?"

Neema akanivuta shati. Njiani akasema, "Tutafute daktari wa ngozi wa kweli, hata kama hana picha ukutani." Mimi nilikuwa sitaki tena kutafuta, mama. Nilitaka kwenda kulala. Yeye ndiye aliyeulizia, mpaka akampata.

Huyo yuko ghorofani, juu ya duka la matairi, na mabenchi yake yamechakaa. Ni mama wa makamo, amechoka kama mimi. Alilishika kovu bila kukunja uso. Akauliza lilianzaje, nani alilikata, na baada ya kulikata walinipa dawa gani. Halafu akauliza, "Nyumbani kwenu yupo mwenye kovu kama hili?"

Nilitaka kusema hayupo. Ndipo akilini nikakuona wewe, na kanga yako umeibana juu ya kovu la begani, iwe joto iwe baridi, hata siku ya harusi yangu.

"Mama yangu," nikasema. "Lilianzia kwenye chanjo. Watu wanasema ni jicho la hasidi."

"Si jicho. Ngozi za watu wengine zikishaponya kidonda hazijui kuacha, na hilo huenda kwenye ukoo. Linamwasha?"

Nikamwambia ndiyo, sana. Nilikumbuka ulivyokuwa ukijisugua kwenye mwimo wa mlango ukidhani hatukuoni.

Kuhusu langu aliniambia, "Siwezi kukuahidi litatoweka. Nitakuwa nalichoma sindano humo humo ndani, uwe unarudi kila baada ya wiki kadhaa. Litalainika, litashuka. Zinauma. Na ukiacha njiani linaweza kurudi." Hakuna mwingine aliyekuwa amenipa habari mbaya hata moja. Nikabaki kwake.

Zinauma kweli, machozi yananitoka. Lakini kuwasha kumekoma, na kovu limeshuka, ingawa lipo. Kazini bado nakunja mashuka. Meneja hajasema kitu, nami sina nguvu ya kumwomba.

Nilimuuliza daktari, la zamani kama lako je? Akasema linachukua muda zaidi, na huenda lisiishe, lakini kuwasha kunaweza kupungua. Kwa hiyo nimezungumza na Zuhura, atakwenda nawe Dar. Muulizeni anayeshika sindano kama ni daktari wa ngozi. Mwambie una presha na dawa unazokunywa. Akiahidi kulimaliza siku moja, chukua mkoba wako mwondoke. Na mlango unafungwa, mama, hutavua kanga mbele ya watu.

Najua utasema umeshazeeka, ya nini tena. Mimi nimekaa na kuwasha kule miezi tu, nikamchukia kila aliyenisemesha. Wewe umekuwa nako tangu sijazaliwa, na bado ulitubeba sote kwenye bega hilo hilo.

Nisalimie shangazi wa maandazi, mjomba mwadhini na jirani yetu fundi cherehani. Mwanangu anayekaa na Zuhura kule Visiga mwambie baba anampenda.

Zuhura atakuja kukuchukua Jumatano asubuhi. Tafadhali usimpe kisingizio kwamba una wageni.

Mwanao,
Shabani