Barua Uliyoiacha Kabla ya Kuimaliza

Tunu mwanangu,

Ukirudi kunywa chai, iko kwenye chupa. Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Mimi namsindikiza Yasmini shuleni, kwa sababu amekataa kwenda peke yake.

Asubuhi ulipoona kwenye barua ya shule kwamba mzazi anaitwa, ulimfokea mwanao kabla hujamaliza kusoma. Sikulaumu. Zamani mzazi akiitwa, ujue mtoto ana kesi. Ukaenda dukani na hasira zako, naye akavua sare, akasema hasomi tena.

Nikavaa miwani, nikaisoma yote polepole. Hana kosa, Tunu. Aliyeandika ni Mwalimu Bukuru, yule wa ushauri nasaha. Anasema tangu tumzike baba yake, Yasmini hajibu maswali darasani, na mapumziko hujitenga. Mwalimu humfuata, wakanywa uji pamoja. Sasa anaomba na sisi wa nyumbani tumsaidie. Ameandika kwa herufi kubwa. Nadhani alikumbuka macho yangu.

~~Usije, umechoka, nitaongea naye mwenyewe.~~

Njoo shuleni saa nne. Mwambie Nurudini wa duka la jirani akuangalizie vitenge, hajawahi kukataa. Maana mwalimu anauliza mtoto alipenda kuongea nini na baba yake, na kitu gani kilikuwa kinamchekesha. Nimekaa na kalamu, sijapata la kuandika. Hayo unayajua wewe.

Ukifika, anza na Yasmini, mshike mkono. Mwalimu atasubiri.

Mama yako