Anuar Hagusi Banjo

Jumapili, 3 Agosti 2025

Anuar hajaja tena mazoezini. Mara ya pili wiki hii — na tamasha la Pemba, hii yetu ya bara wanakosema Kireno, ni tarehe 23! Tumekaa mimi na Rizuane nyuma ya nyumba yangu hapa Quitunda, mandolini na gitaa, tunazunguka wimbo mmoja bila banjo. Blugrasi, muziki huu wa nyuzi wa Kimarekani, bila banjo ni pilau bila nyama. Watoto wa jirani wametucheka wazi.

Rizuane anasema labda anaumwa. Anaumwa! Asubuhi nimemwona bombani, mzima kabisa, kabeba madumu mawili ya maji. Aliponiona akageukia upande wa pili kama hanijui.

Kuna kitu.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo kaja. Mikono mitupu. Eti kidole kinamuuma. Kidole gani? Akautazama mkono kwanza, ndipo akachagua kimoja. Mimi nimecheka, yeye hakucheka.

Nikamwambia basi simama tu, tuzoee maikrofoni. Tunapiga vile alivyotufundisha yule fundi wa Kimarekani wa kambi ya gesi, kabla hajaondolewa mwaka 2021 na kutuachia vyombo vyake: maikrofoni moja katikati, wote tunaizunguka. Mwenye zamu anasogea, aliyemaliza anarudi nyuma. Msipotazamana mtagongana vichwa. Anuar hakunitazama hata mara moja. Kamgonga Rizuane begani, kaomba radhi, kaondoka.

Nadhani najua. Kuna watu Pemba wanamtaka. Albertina, yule mama wa tamasha, mwaka jana alimsifu mpaka basi — "o rapaz do banjo" hivi, kijana wa banjo vile. Mimi niliyeipa bendi jina la Nyasi za Quitunda, mimi ninayetunga maneno yote kwa Kiswahili, nikapewa "muito bem" moja, vizuri sana, ya kunifuta machozi. Kama anahama, aseme! Mbona hatumzuii. (Nitamzuia.)

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia Albertina. Nimezunguka wee, habari za watoto, habari za mvua, mwisho nikauliza. Hajui lolote la Anuar kuhamia Pemba. Ila kaniambia jambo jingine: wiki iliyopita Anuar mwenyewe alimpigia simu, akauliza kama Nyasi za Quitunda wanaweza kupanda jukwaani watu wawili tu.

Wawili! Yaani mimi na Rizuane. Kwa hiyo haendi Pemba. Haendi popote nasi. Sasa anakwenda wapi?

Alhamisi, 7 Agosti

Kanyoa upara.

Rizuane anasema watu hunyoa kwa sababu ya joto. Joto gani Agosti hii, na kusi inatoboa mifupa? Rizuane ni mtu wa kuamini kila anachoambiwa, ndiyo maana kila akinunua betri anapewa zilizokwisha.

Mimi naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema mahali pengine. Kijana akiacha muziki ghafla, akanyoa kichwa, akaacha kutazama watu machoni — hapa kwetu hayo tunayajua. Wale wa mwanzo kule Mocímboa walianza hivihivi. Walikuwa watoto wa watu, wapiga ngoma harusini, wauza vocha. Siku moja wakasema muziki haramu. Baadaye tukawaona na bunduki. Machi ile ya 2021, walipoivamia Palma, nilikimbia na mtoto wa marehemu dada yangu mgongoni, tukala mihogo mibichi porini. Mtoto mpaka leo akisikia pikipiki anajificha chini ya kitanda.

Anuar? Anuar anayemwimbia mbuzi wake?

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimepita kwao. Kisingizio ninacho: nyuzi zangu za mandolini ziko kwake. Nimekuta mlango umefungwa. Mchana kweupe! Quitunda nani anafunga mlango mchana? Nyumba hizi za bloku ukifunga ni jiko la kuokea mkate.

Madirisha yamezibwa kwa kanga. Barazani hakuna kiatu hata kimoja, lakini ndani sauti za wanaume, wanne au watano, wanasoma kwa kunong'ona. Wameingiza viatu ndani ili wasionekane! Kusoma si kosa, lakini nani anasomea gizani? Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena. Akafungua mama yake, Bi Mwanaamina, ufa wa kutosha jicho moja. Kasema ni wajomba, wamechoka na safari, wamelala.

Watu waliolala hawasomi. Na harufu ya wali wa nazi ilikuwa tele, chungu kikubwa kile. Mimi, niliyekula kwao kila Idi, sijaambiwa hata karibu. Chini ya kanga yake nimeona pindo la kaniki nyeusi, imechakaa. Nikajiambia, bibi wa watu hana hata nguo siku hizi.

Nyuzi nimezisahau.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaja Shefe Cândido, mkuu wa mtaa wetu, habari za safari ya Pemba. Anataka kujua ni nani na nani, maana kikitokea kitu kwenye vizuizi vya askari wataulizwa wao wakuu wa mitaa. Nikamkaribisha chai. Akauliza, kwa upole tu: hao wenzako wote unawaamini, dada Zuleica?

Ningeweza kusema ndiyo.

Nimesema Anuar amebadilika kidogo. Amebadilikaje? Kanyoa. Haugusi muziki. Wanafunga mlango, wana wageni. Akanywa chai yake yote, akasema "está bem", haya basi, akasifia mkate wangu, akaenda.

Ni kweli tupu nimesema, sikuongeza chumvi. Na Shefe si mtu wa papara. Atamwita tu, watazungumza, kitajulikana. Bora kijulikane kabla hatujapanda gari moja naye. Nina mtoto wa kulea mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamemchukua. Askari, asubuhi, bombani, mbele ya foleni nzima. Dumu lake lilibaki linajaa, likafurika, hakuna aliyethubutu kulitoa. Nyumbani kwao wakapekua, wakaligonga banjo tumboni kusikia kama lina kitu ndani, wakaliacha. Wale wajomba walishaondoka jana.

Rizuane kaja mbio kwangu. Nani kamsema? Nani? Nikajibu sijui. Nimejibu haraka sana. Rizuane kanitazama, halafu akatazama chini.

Sikula leo.

Jumanne, 12 Agosti

Bi Mwanaamina kaja. Nilipomwona mlangoni nikajua kashajua. Hajui! Kaja kuniomba mimi, mimi, nifuatane naye kituoni. "Mwanangu, wewe Kireno chako kimenyooka. Mie nikifika pale n'talia tu."

Nikamketisha. Akafunga mlango wangu kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akasema.

Abdulswamad, mwanawe mkubwa. Miaka yote wanatuambia yuko Mtwara, anauza vitenge. Hayuko Mtwara. Tangu 2020 yuko porini na wale wenye bunduki. Mwezi uliopita kauawa huko upande wa Mbau, mwanamke mmoja aliyetoroka ndiye aliyewapigia simu. Maiti hakuna, kaburi hakuna.

Hapa kwetu mtu akifa, sauti ya kilio ndiyo inayoamsha mtaa. Mlango unabaki wazi, mikeka inatandikwa mpaka njiani, majirani tunapika. Wao walilia wamejiziba midomo kwa kanga. Mama kavaa kaniki ya msiba chini, kanga ya maua juu. Wajomba walikuja mmojammoja kusoma hitima. Anuar kanyoa kama anavyonyoa mfiwa. Na banjo — "Alinambia, mama, ndugu yangu hata arobaini yake haijafika, nami nikapige nyuzi watu wacheze? Nitawaambia nini wenzangu? Nikamwambia usiseme kitu, watachoka kuuliza."

Hatukuchoka. Sikuchoka.

Nimemlilia Anuar. Huyo marehemu sikumlilia, nasema wazi. Nani ajuaye kama si yeye aliyekuwa mtaani kwa dada yangu siku ile ya Machi? Lakini mama yake alikuwa ameshika mikono yangu, na mikono yake ilikuwa ya baridi, nami nikamwambia pole, mama, Mungu amrehemu. Nimesema hivyo, na sijui kama nilitaka.

Kaniapisha. Jina la Abdulswamad lisitoke mdomoni mwangu. "Wakijua ni ndugu wa yule, hawamrudishi."

Sikumwambia kuhusu chai ya Shefe. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama atakunywa maji.

Jumatano, 13 Agosti

Tumekwenda kituoni. Bi Mwanaamina kabaki nje, chini ya ukuta. Ofisa ni kijana wa kusini, mpole, miwani, kanipa kiti. Ule upole nimeuogopa kuliko makelele.

Nimesema nimekosea. Nimesema ni mimi niliyemwambia Shefe, na nilielewa vibaya: mlango ulifungwa kwa sababu ndani kulikuwa na hitima. Nikamweleza hitima ni nini. Dua ya maiti, watu wanasoma, wanakula wali, wanaondoka. Kunyoa ni msiba, kuacha muziki ni msiba. Nilieleza vizuri, Kireno kilikuja chenyewe. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikafikiri, imekwisha, leo tunarudi naye!

Akauliza: "Quem morreu?" Nani kafa?

Ndipo nikasikia nilichokuwa nimemletea: msiba, na jina la maiti nimeapa nisilitaje.

Nikasema sijui vizuri, jamaa yao mmoja, nitamwuliza mama. Kainuka kutazama dirishani, Bi Mwanaamina yuko palepale nje, hatua chache, angeweza kumwita. Hakumwita. Kasema Anuar naye aliulizwa swali hilo jana, na keshajibu. "Njoo kesho asubuhi na jina. Tuone kama ni moja."

Njiani Bi Mwanaamina hakuniuliza kitu. Kaniombea dua, kaniita mwanangu.

Sasa Rizuane yuko hapa, anajua yote, ya chai pia. Hajanitukana. Anasema tumtaje bibi yao aliyefia Mtwara, wa zamani, nani atachunguza? Mimi nadhani Anuar kamtaja shangazi, yule wa Palma aliyekuwa anaumwa. Lakini yule shangazi yu hai! Basi bibi. Bibi aliitwaje? Rizuane anasema Khairiya. Mimi nakumbuka jina jingine. Siwezi kwenda kumwuliza Bi Mwanaamina, maana ataniuliza walijuaje kuna hitima.

Nikitaja bibi na Anuar kataja shangazi, sote waongo. Na Anuar ninavyomjua, hata kidole cha kuuma alishindwa kukichagua. Huenda kasema kweli. Huenda jana alichoka akalitaja jina lenyewe, na hapo mimi nikifika na bibi yangu wa Mtwara —

Rizuane anasema tukubaliane moja. Khairiya. Nimesema haya, Khairiya. Sasa anasema ngoja kwanza, huenda si Khairiya.