Mikono Yangu Ilisema Kingine

Jumapili, 9 Februari 2025

Nimefanya jambo. Niliandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Leo tulikuwa na mhubiri mgeni, Mchungaji Bramwel, katoka Nakuru. Sauti anayo, jamani! Kanisa letu liko ghorofani hapo Makupa, chini malori yanapiga honi asubuhi nzima, lakini yeye hata kipaza sauti hakukihitaji. Mimi nilikuwa mahali pangu, mbele kushoto, dirisha mgongoni, benchi la viziwi mbele yangu. Walikuja saba. Mwaka wa kumi na moja huu natafsiri ibada kwa lugha ya ishara, sijawahi kuongeza neno wala kupunguza. Mkalimani hachagui – ndivyo ninavyowafundisha wanaojifunza.

Akafika mahali akasema: mtoto akizaliwa hasikii, mzazi ajichunguze, kuna dhambi iliyofunga mlango.

Na Sidi yuko pale! Kiziwi mwenyewe, kampakata mwanawe wa miezi minne. Alhamisi tu nilikuwa naye kliniki, mimi ndiye niliyemtafsiria daktari: mtoto amepimwa masikio mara mbili, hasikii.

Mikono ikagoma. Sidi alikuwa akimtazama mhubiri mdomoni, kisha akanigeukia, akangoja. Nikamwambia: "Mtoto huyu Mungu anamjua kwa jina." Mhubiri akaendelea na dhambi, mimi nikaendelea na jina.

Sidi alilia. Benchi zima wakainua mikono juu wakaitikisa, ndiyo makofi yao. Mchungaji Bramwel akatabasamu, akadhani yake.

Jumatatu, 10 Februari

Kazini, ofisi ya mizigo ya bandarini, leo bure kabisa. Makaratasi ya kontena la mteja mmoja nimeyatuma kwa mwingine, bosi kayafuatilia mwenyewe. Afadhali angenigombeza.

Mchana Sidi akanipigia kwa video. Uso wote meno! Jumapili ijayo mtoto awekwe wakfu, na yeye atoe ushuhuda. Mchungaji alisema Mungu anamjua kwa jina – basi yeye mama atampa jina siku hiyo hiyo. Maana yake jina la ishara. La cheti cha kuzaliwa analo. Jina la ishara hupewi na mtu anayesikia, viziwi wenyewe ndio wanaokupa. Mimi langu nilipewa na mdogo wangu Tsuma, aliyekuwa kiziwi.

Halafu akauliza: Levi ana nini? Levi ni mumewe. Yeye anasikia, anapiga gitaa kwenye kwaya. Tangu jana hali, mtoto hambebi, mke hamtazami usoni.

"Tulikuwa kwenye mahubiri yale yale," akasema Sidi. "Mimi nimefurahi, yeye yuko kama aliyefiwa."

Nikasema sijui. Uongo wa pili huo, na juma ndiyo kwanza limeanza.

Jumatano, 12 Februari

Situlii. Nikikaa nasimama. Bi Mejumaa, mama mwenye nyumba, amenikuta jikoni naosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Mwaka wa sita nimepanga chumba kwake hapa Kibokoni, ananijua.

"Mwanangu, wanitoboa sahani! Wagombana na nani?"

Nikamweleza yote, majina nikayaficha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: maneno yale yalikuwa haki ya yule mama kuyajua, au hayakuwa haki yake? Nikasema nilitaka kumlinda. Akasema hilo hakuniuliza. Kisha akanisogezea mahamri, akaenda zake kutawadha.

Najua kwa nini limeniuma. Ni Tsuma.

Baba alikuwa mwinjilisti kule Rabai. Alimpenda Tsuma, sina shaka. Lakini alimzungusha kila kanisa, na kila kanisa wazee wakamshika kichwa wakamfokea masikioni – pepo, toka! Yeye ana miaka saba, mimi tisa. Alikuwa akinitazama nimweleze wanasema nini. Nikamwambia: wanakuombea upate baiskeli.

Akaamini. Kila alipofokewa alicheka, akashukuru. Akaingoja ile baiskeli miaka mitano. Malaria ilipomchukua alikuwa hajaipata, na siku za mwisho aliniuliza amemkosea nini Mungu hata anyimwe. Sikumwambia. Hata pale, sikumwambia!

Watu hunisifu kanisani, Dada Priscah ana wito. Wito gani? Nilijifunza ishara za shule, si zile zetu za nyumbani tu, ili nisidanganye tena kiziwi yeyote. Sasa tazama.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwa Mchungaji Ogutu, mchungaji wetu, nimesema yote. Akajishika kichwa.

"Dada Priscah, ungeninong'oneza. Ningemsimamisha."

"Usingemsimamisha. Ulikuwa unaitikia amina."

Akasema kweli, na ile amina imemkaa kooni tangu Jumapili. Mchungaji Bramwel yuko mjini hadi mwisho wa juma, ibada ya Jumapili ataihudhuria. Akaniagiza nimwambie Sidi mimi mwenyewe, kabla ya ibada. Nikishindwa, atatafuta mkalimani mwingine. Yupi? Wanaojifunza bado hawawezi ibada. Tulicheka wote wawili, kicheko kibaya.

Ijumaa, 14 Februari

Sidi anakaa Changamwe. Nilifika Kibarani, katikati ya njia, nikashuka, nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikarudi. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemwambia.

Nilimkuta anafua nepi uani, Levi ametoka. Sikukaa. Nilimpa maneno ya mhubiri yote, moja moja, kama yalivyotoka. Kisha yangu. Kisha nikamweleza habari za Tsuma na baiskeli, sijui kwa nini, sijawahi kumweleza mtu.

Sidi akajipangusa povu. Akasema "dhambi" aliliona. Neno hilo amelisoma midomoni mwa watu tangu utotoni, hata kabla hajajua maana yake. Alinigeukia nimmalizie sentensi.

"Nikaona mikono yako inakataa," akasema. "Nikajua kumbe na wewe hukubali. Ndiyo sababu nililia."

Nilidhani yamekwisha, nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma. Uso umebadilika.

"Lakini sikujua alisema *mzazi*. Levi ni mzazi. Siku sita amelibeba peke yake, na mimi namwona ananuna tu! Ningekaa naye. Ungeniambia Jumapili, ningekaa naye."

Nilisema nisamehe. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisuuza nepi moja, akaianika, ndipo akanigeukia: kesho atasema yote, la mhubiri na langu, mbele ya mhubiri mwenyewe, na sauti yake nitakuwa mimi. Nisiongeze. Nisipunguze.

"Usinipe baiskeli," akasema.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani. Saa nne kasoro. Naandika huku daftari liko juu ya goti, kwaya wako wimbo wa pili.

Gitaa leo halipo. Levi yuko kwenye benchi letu, mara yake ya kwanza kukaa hapa, na mtoto amempakata yeye. Macho mekundu. Amenisalimu kwa ishara, mikono mizito, lakini amenisalimu.

Mchungaji Bramwel mstari wa mbele. Alinifuata kunipa mkono, akasema kazi yangu ya Jumapili ile ilimgusa sana. Kwa upole kabisa! Afadhali angekuwa mtu mbaya.

Wenzake Sidi hapa benchini hawajui bado. Dakika chache zijazo watajua kwamba nilichagua kwa niaba yao. Nani ataiamini tena mikono hii? Nimejaribu kuomba, yametoka maneno machache tu – Bwana, safari hii sema mwenyewe, mimi nimekwisha kusema vya kutosha. Sijui kama hiyo ni sala au ni ugomvi.

Wimbo umekwisha. Mchungaji Ogutu anamwita Sidi, amenitazama na mimi. Kipaza sauti wameniletea, kiko hapa pajani. Chini lori limepiga honi, watu wamecheka kidogo.

Sidi amepanda. Hamtazami mhubiri, wala Levi. Ananitazama mimi, mikono iko juu, anangoja nishike kipaza sauti. Neno la kwanza nalijua, ni "dhambi", na sitalipunguza. Nasimama –