Baba, Injini Mpya Nimeisikia

Baba,

Kabla sijashika kalamu nimekohoa kwanza, kama ulivyokuwa ukikohoa wewe ukiingia uani, ili mkwe wako nijue unakuja nipitie nyuma, migombani. Miaka kumi na moja tumeishi nyumba moja, wewe mlango wa mbele, mimi mlango wa nyuma, na sikuwahi kukutazama usoni wala kukuita jina. Wengi hapa Lufingo wameshaiacha mila hiyo. Mchungaji mwenyewe alisema si lazima mke amkimbie baba wa mumewe, nawe ukamjibu kwamba umechelewa kubadilika. Mimi sikuona shida. Ulinikalia mbali kwa heshima, na heshima hiyo niliipenda. Ila kuandika nadhani naruhusiwa, maana hakuna aliyewahi kunikataza barua.

Nyumbani tu wazima. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Maparachichi yamebeba mwaka huu mpaka mwanao ameegemeza matawi kwa miti. Mvua ndiyo hii unayoijua, tunaanika nguo Jumatatu tunazivaa Ijumaa. Kiti chako bado kipo sebuleni, na kila anayeingia anakizunguka.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni zile mbio za magari za kwenye runinga.

Msimu ujao wanabadilisha magari ya fomula karibu yote, Baba. Yatakuwa madogo na mepesi zaidi. Lile bawa la nyuma, lililokuwa linafunguka kwa anayemkaribia mwenzake tu, sasa kila dereva atafungua mabawa yake kwenye barabara iliyonyooka. Mafuta hayatatoka tena kwenye visima. Na kubwa kuliko yote, karibu nusu ya nguvu itatoka kwenye betri. Nusu! Nilipolisikia hilo nilikushukuru kwa kuondoka mapema, maana ungerusha rimoti.

Rafiki yako Baba Salma ameirusha kwa niaba yako. Hajaivunja, ilimwangukia Mwalimu mapajani. Bado wanakuja wote wawili kila Jumapili ya mbio saa kumi jioni, Baba Salma akishafunga duka lake la spea pale Tukuyu mjini, na Mwalimu akiwa na daftari lake la kuandikia nani wa ngapi. Ila tangu sheria mpya zitangazwe, wanabishana zaidi kuliko wanavyoangalia. Mwalimu anazisifu. Anasema gari likiwa dogo watapitana hata kwenye kona nyembamba, hatutakaa tena saa nzima tukitazama msafara wa harusi. Baba Salma anasema hizo ni mbio za friji. "Gari la kuchaji kama simu! Sasa umeme ukikatika?" Mwalimu akimweleza kwamba gari linajichaji lenyewe likiwa njiani, yeye anaziba masikio.

Wiki tatu zilizopita Baba Salma akasema basi. Msimu huu ukiisha haji tena. Kinachomuuma ni mlio. Anasema mlio ukifa mbio zimekufa, na mtu pekee aliyekuwa anajua kusikiliza injini hapa Rungwe nzima tumeshamzika. Mwanao akasema kama ni hivyo sebule ataifanya stoo ya kreti za maparachichi, kuliko kuzipanga nje zinyeshewe.

Nilikuwa nyuma ya pazia la korido, kwenye kigoda changu kilekile. Ndiyo, Baba, bado nakaa huko. Hakuna anayenizuia kutoka, ila miguu haitaki. Niliposikia kreti niliinuka kigodani, nikakaa tena. Shamba ni la mwanao, ng'ombe ni wa wote, lakini sebule ile Jumapili saa kumi ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho mimi na wewe. Na wao hawakujua.

Wangejuaje? Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nakoroga uji pale korido kwenye jiko la mkaa, runinga inanguruma upande wako. Nimekulia Nkunga kwenye mashine ya kusaga ya baba yangu, kwa hiyo injini ikiumwa nasikia kabla mwenyewe hajajua. Gari lililoongoza lilipobadilisha gia nikasikia linakwama kidogo, na mwiko ukagonga sufuria bila kukusudia. Mizunguko miwili baadaye likaanza kutoa moshi, likaegeshwa kando ya njia. Ukakohoa mara moja, taratibu. Nikajua umenielewa.

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu. Mimi nagonga, wewe unajinyoosha kwenye kiti, unasema kwa sauti ya mzee anayejua: "Huyo hafiki." Na kweli hafiki. Baba Salma alikuwa akiapa kwamba una sikio la jini. Sifa ulizichukua zote, Baba, hukunibakizia hata kidogo! Halafu mbio zikiisha na wageni wakitoka, nakuta soda ya tangawizi imewekwa chini ya pazia, kizibo kimeshalegezwa. Hatukuwahi kulizungumza. Tungelizungumza vipi?

Siku ya msiba dada yako mkubwa alinishika mkono akanipeleka kwenye jeneza. "Mtazame sasa, mwanangu, amekuruhusu." Nikakutazama. Una kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, Baba. Miaka yote hiyo sikulijua. Watu walidhani nalia kama mkwe mwema, kumbe nalilia lile kovu, kwamba sitapata kukuuliza ulilipata wapi.

Nirudi kwenye mbio. Jumapili iliyopita Mwalimu alikuja na simu yake. Kuna mtu ameirekodi injini mpya ikijaribiwa uwanjani, gari lenyewe halionekani vizuri, ni sauti tu. Alisema waisikilize kabla ya kuihukumu. Baba Salma hakutaka hata kukaa. Akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: "Mnaona? Cherehani."

Mimi huku nyuma, nikikoroga uji, nilikuwa nasikiliza vingine. Kwenye kona, dereva anapopunguza mwendo, injini hailali. Gari linakwenda taratibu lakini injini inaendelea kuvuta, nzito, kama imebebeshwa mzigo. Na mzigo huo naujua! Mashine ya baba yangu Nkunga ilikuwa imefungwa dainamo ya kuchaji betri ya taa. Baba akiiunganisha mlio unashuka, unakuwa mzito, na ukisikiliza vizuri unajua betri imeshiba au bado. Nimelala utotoni kwa mlio ule. Sasa upo kwenye gari la mbio!

Mwiko ukagonga sufuria.

Mwalimu akasimamisha simu. Nikangoja ukohoe, Baba. Najua wewe hupo, lakini nilingoja.

Badala yako nikamsikia Baba Salma, polepole: "Huo mlio wa sufuria nimeusikia miaka mingapi? Mimi nilidhani huyu mama anapenda kupika tu." Kisha akaanza kukumbuka, moja baada ya jingine, kila gari ulilosema halifiki, na sufuria iliyotangulia. Mwanao alikuwa haamini. Nikaona hakuna tena pa kujificha, nikalivuta pazia nikatoka na mwiko mkononi, uji unadondoka sakafuni.

Niliwaeleza. Nikawaambia mlio haujafa, umebadilika kazi. Msimu ujao atakayesikiliza kona atajua nani betri yake imeshiba na nani anaingia barabara iliyonyooka akiwa mtupu, kabla hata hajapitwa. Mwalimu akaandika kwenye daftari. Baba Salma akakaa, na Baba Salma akikaa ujue amekubali, ingawa alisema anakuja tu kuhakikisha kama nasema kweli.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka juzi nilipokwenda Nkunga kumzika baba yangu, Jumapili ya mbio ilinikuta huko. Walikuja kama kawaida, wakakaa, mwanao akawasha runinga, na wewe ukaizima. Ukasema, "Leo hatuangalii. Hatujatimia." Wakatazamana, wakahesabiana, wakajiona wote wapo. Wakadhani ni uzee.

Baba. Ndaga fijo. Asante sana. Sifa nimekusamehe zote.

Kreti zitakaa kwenye banda la zamani la ng'ombe, mwanao ameanza kuliezeka upya. Pazia nimelifua nikalirudisha mahali pake, lakini kigoda nimekihamishia upande wa mbele. Kitini kwako sikai, usiwe na wasiwasi, hata kuvunja mila kuna mwisho wake. Chini ya pazia nitaweka soda ya tangawizi, kizibo kimelegezwa.

Lala salama, Baba. Nakuahidi mbio za kwanza za magari mapya nitagonga sufuria mara moja kabla hayajaondoka, ili ujue tumeanza. Hatutakuwa tumetimia. Lakini tutaangalia.

Mkwe wako,
Mama Lugano