Taa Nyekundu Humwakia Mama Mkwe

Bwana Mshauri, nishike mkono kabla sijapoteza mke kwa sababu ya taa. Nina gari dogo kuukuu, lile la mgongo wa kobe lenye injini nyuma, limepitia mikono mingi kabla ya kufika kwangu, na kila wiki humchukua mama mkwe kutoka Birongo kumpeleka hospitali Kisii akasafishwe kidonda cha mguu, naye kwa heshima yetu ya chinsoni hawezi kukaa mahali ambapo mkwe atamtazama usoni, basi hukaa kiti cha nyuma, nyuma yangu hasa, na mke wangu Nyanchama hukaa mbele, sasa tukiingia kwenye mashimo taa nyekundu ya dainamo huwaka, huzima, huwaka tena, na harufu kama ya gunia linaloungua hutoka, lakini mama akishuka tu, taa hulala kabisa. Fundi alibadilisha mkanda na dainamo, akaliendesha peke yake hadi Mosocho na kurudi, akaniambia, "Bwana Ratemo, gari ni zima, tafuta dawa ya macho." Baba mdogo Ogari naye akatangaza mbele ya watu kwamba gari limemkataa mama mkwe, chinsoni imevunjwa, nami nikanyamaza, na maneno yakafika Birongo, sasa mama hataki kupanda, kidonda kimeanza kunuka, na Nyanchama ananiambia, "Likimkataa mama yangu, limenikataa na mimi." Je, niuze gari au nichinje mbuzi?

Ratemo, Nyamira

Ratemo, mwache mbuzi ale majani. Pole nampa mama, wewe ngoja kwanza.

Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Katika gari la namna hiyo betri hulala chini ya kiti cha nyuma, upande wa dereva, yaani pale pale heshima ilipomweka mama. Mfuniko wake nadhani ulipotea katika ile mikono mingi. Hukusema, kwa adabu, lakini naona mama ana mwili, Mungu amzidishie. Gari likiruka, springi za kiti hushuka zikagusa vichwa vya betri, umeme ukakimbilia kwenye bati la gari, taa ikawaka, na gunia la kiti likaanza kuungua. Fundi wako alilipima gari kiti kikiwa kitupu. Huko ni kumpima jirani wa mgonjwa.

Kuanzia leo usimpakie mtu nyuma. Gari hilo halina laana, lina moto. Fungua nyaya za betri, inua kiti, na ukikuta springi zina alama nyeusi tumeelewana. Kaza betri isicheze, ifunike kwa ubao mkavu na kipande cha tyubu, toa gunia lililoungua. Halafu weka mahindi yenye uzito wa mama pale pale, upite mashimo yale yale. Taa ikilala, umepona. Ikiwaka, mrudie fundi, na safari hii yeye akae nyuma.

Lililobaki halina spana. Ulinyamaza mama wa watu akiitwa mkosi. Mwite Ogari, pamoja na wale waliomsikia, uwaonyeshe springi hizo, useme wazi kwamba kosa ni la kiti. Nyanchama aende Birongo akamweleze mamake, kwa kuwa wewe huwezi kumkabili.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho asubuhi, omba gari la mtu mwingine mama afike hospitali. Kidonda hakijui habari za betri.