Pale Ulipoishia, Usta Hamroqul

Tak. Kimya. Tak-tak, kama ukucha unaogonga kioo kutoka ndani. Tuliisikia kabla hatujajua inatoka wapi. Mama akaweka chini birika la chai, akasema, "Ni chini ya magodoro."

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke hapa Kokand, na iliyokuwa ikigonga ni seva yako. Ile kompyuta kuukuu uliyoiokota ilipotupwa na ofisi, ukaisafisha kwa brashi ya kunyolea ndevu, ukaijaza filamu, ukaisitiri kwenye kabati chini ya magodoro ya wageni. Wenzako wa sokoni waliiita banda la kuku. Basi banda hilo la kuku ndilo lililomwezesha Mama kuanza filamu kwenye televisheni ya sebuleni, binti yako Mohira akaiendeleza kwenye kishikwambi jikoni, na mwanao Javlon akaimalizia kwenye simu yake huko Korea, palepale ilipoachwa. Waliocheka watengeneze yao, tuione.

Ulikuwa fundi wa televisheni, usta kama tusemavyo huku, usiyejua kumwaibisha mtu. Siku bibi jirani alipoleta yake na tatizo likawa plagi tu, ulijifanya kuhangaika nayo mpaka chai ikapoa, ili asione haya.

Mohira alitaka kila mtu awe na akaunti yake. Ulikataa: nyumba moja hula sahani moja. Kwa hiyo uliporudi ukakuta filamu yako ya mpanda farasi imesogezwa mbele, ulisimama mlangoni, viatu mkononi. "Nani kaniibia farasi? Nilimwacha katikati ya mto, sasa namkuta malishoni anakula majani." Mwanao Doniyor alimsingizia Mama, Mama akamsingizia paka.

Kisha ikaja siku ya kwenda hospitali. Mama alikuletea mkate uung'ate kabla ya kutoka, kama ilivyo desturi yetu kwa msafiri, tuutundike ukutani ukungoje, kama wa Javlon unavyomngoja mpaka leo. Hukuweza kutafuna. Ulichukua rimoti, ukaisimamisha filamu pale mpanda farasi anapobisha hodi usiku na mlango unaanza kufunguka. Ukamwambia Mama, "Mkate wangu ni huu, Saodat. Asiuguse mtu."

Hukurudi. Nasi hatukuugusa. Akaunti ni moja. Kidole kimoja kikiteleza, alama yako imesogea. Mama aliifungia rimoti kwenye sanduku la mahari yake. Alimnong'oneza Mohira kwamba anauogopa ule mlango: maadamu haujafunguka, wewe bado uko njiani.

Ndipo ikaanza hiyo tak-tak. Doniyor aliondoa magodoro, akatega sikio, akainuka. Diski inakufa. Filamu zinaweza kuhamishwa, alieleza, ila alama ya pale ulipoishia imo kwenye sehemu ileile inayooza, na kila akijaribu kuinakili mashine inakwama. Akiizima, huenda isiamke. Akiiacha, ni kukaa kuingoja ife. Na umeme wa huku majira ya baridi unaujua mwenyewe. Akamsihi Mama wakubaliane kuandika tu ile dakika kwenye karatasi.

"Mkate uliochorwa unaliwa?" Mama akamuuliza.

Alikaa kando ya ile mashine, kiganja juu yake kama juu ya paji la mtoto mwenye homa. Kila tak ilipokuja alishtuka. Ilipochelewa, alishtuka zaidi. Hakuna aliyethubutu kufunga mlango kwa kishindo. Hata chai tuliimimina taratibu.

Leo asubuhi, majirani wakiwa uani wanaosha mchele wa pilau ya mwaka wako, alitoka chumbani na rimoti. Akasema mkate wa asiyerudi hauachwi uote ukungu. Nyumba yake huugawana. Akabonyeza huku amefumba macho.

Mlango ukafunguka. Alikuwa kikongwe tu, ana taa mkononi, anauliza kwa nini mgeni amechelewa hivyo. Mama alitazama mpaka machozi yakamziba, akaisimamisha. Mohira akaendelea kwenye kishikwambi. Doniyor akaendelea kwenye simu, mgongo ameuegemeza ukutani. Kila tulipopokezana, kile kiduara cha kusubiri kwenye skrini kilizunguka, kikazunguka. Na kila mara kilitufikisha palepale.

Sasa kimebaki kipande cha mwisho, nacho ni cha Javlon. Kikiisha, filamu itahesabiwa imetazamwa, na alama yako itafutika yenyewe. Diski inagonga haraka kuliko jana.

Tunaokukumbuka ni mkeo Saodat. Binti yako Mohira na mumewe Ilhom. Wanao Javlon na Doniyor. Mjukuu wako Shirin, anayekuita kila anaposikia rimoti ikitajwa. Na mtaa mzima unaowasha televisheni ulizozifufua. Mioyoni mwetu hutoki, leo wala milele.

Javlon yuko kwenye simu. Anasema kidole kimegoma. Anahisi akibonyeza, yeye ndiye atakayekuwa amekufuta. Nyuma ya Mama, tak, tak-tak. Mama ameisogeza simu mdomoni kwa mikono miwili.

"Bonyeza, mwanangu. Mama yako yupo. Sikati simu mpaka majina yote ya mwisho wa filamu yapite. Na yakishapita, bado sikati."